Ukipewa kuandika wasifu wa Girija Prasad Koirala

Wadogo zangu mnaoingia dawati la habari za kimataifa, kuna siku bosi atakwambia leta wasifu wa waziri mkuu fulani wa Nepal na una masaa mawili tu, na mimi kila anayeanza huwa namfundishia kwa Girija Prasad Koirala, maana ukimweza huyu hizi familia za kisiasa hazikusumbui tena.

Kwanza usiandike "Koirala" peke yake. Ukoo huo umetoa mawaziri wakuu wanne: Matrika, BP (yaani Bishweshwar Prasad) na Girija ni watoto wa baba mmoja, halafu Sushil ni binamu yao. Tumia jina la kwanza, hata Wanepali wenyewe wanasema BP, wanasema Girija Babu, basi.

Halafu tarehe jamani. Kalenda yao ya Bikram Sambat iko mbele ya hii yetu na mwaka wao unaanza katikati ya Aprili, kwa hiyo toa 57, ila kwa tukio la kuanzia Januari mpaka hapo katikati ya Aprili toa 56. Ukikuta mahali "mapinduzi ya 2007" ujue ni yale ya 1950 na 1951 yaliyomaliza utawala wa Rana, ile familia iliyokuwa ikirithishana uwaziri mkuu, na hapo ndo watu wanaponasa kwa sababu 2007 ya kwetu Girija alikuwa waziri mkuu kweli, so kosa linapita bila mtu kushtuka.

Sasa kwenye familia, karibu kila mtu anaandika "alirithi siasa" anaendelea. Hapana, sema alirithi nini. Baba yao, Krishna Prasad, alimtumia mtawala wa Rana, Chandra Shamsher, kifurushi cha nguo zilizochakaa za maskini ili aone watu wake wanavaa nini, matokeo yake familia ikaishia uhamishoni India na Girija akazaliwa hukohuko Bihar. 1947 yuko kwenye mgomo wa kiwanda cha juti Biratnagar, mji wa Nepal karibu na mpaka wa India. 1959 kaka yake BP anashinda uchaguzi, chama chao cha Nepali Congress kinachukua viti 74 kati ya 109, anatawala kama mwaka na nusu tu, Desemba 15, 1960 mfalme Mahendra anampindua na kumfunga mpaka 1968, Girija naye akala jela miaka kama 7. Huo ndo urithi wenyewe, jela na uhamisho, vyeo vilikuja baadaye sana.

Na msiifanye familia kuwa kitu kimoja. Wakati BP yuko ndani, Matrika alikuwa balozi wa mfalme huyohuyo kule Marekani. Sentensi hiyo moja inamwambia msomaji mengi kuliko aya nzima ya kusifia ukoo.

Kuna ile ya ndege, Juni 10, 1973: ndege ya abiria iliyotoka Biratnagar ikiwa na rupia za India milioni 3 ikatekwa na kushushwa Forbesganj, upande wa India, mpango wa Girija, hela za mapambano ya silaha dhidi ya utawala wa mfalme. Usiifiche na usiifanye iwe stori nzima, andika ilivyokuwa upite. (Sushil alifungwa India kwa hiyo hiyo.)

Mahali pa kukaa muda mrefu ni madarakani kwenyewe. 1991 anakuwa waziri mkuu, 1994 wabunge wa chama chake mwenyewe wanamwangusha na anaitisha uchaguzi wa mapema, anarudi, anaondoka tena, mtu ambaye kutuliza chama kulimshinda kabisa, halafu huyohuyo akiwa na miaka zaidi ya 80 na mgonjwa anasaini amani na Prachanda, kiongozi wa waasi wa Kimao, Novemba 21, 2006 na kumaliza vita ya miaka 10, na anakaimu ukuu wa nchi mpaka Julai 2008, baada ya ufalme kufutwa Mei. Mimi nampa heshima kubwa sana kwa hilo. Ila 2009 akamsukuma binti yake Sujata kuwa waziri wa mambo ya nje na chama kikalalamika, nalo liandikwe, kwa uzito uleule. Weka pembeni yake Sushil, ambaye alipotangaza mali zake 2014 alikuwa na simu tatu za mkononi, hana nyumba wala shamba.

Manisha Koirala wa Bollywood ni mjukuu wa BP, edita atataka umtangulize juu kabisa, kataa kwa heshima, sentensi moja chini inatosha.

Ukishamaliza futa maneno yote ya "ukoo", "ndugu" na "familia" kisha usome upya. Aya itakayokosa miguu ndo ile hukuitafiti, na mara nyingi inakuwa ya 1991 mpaka 1994, kwa hiyo rudi ukasome hapo kabla hujamtumia edita.