Usiagize kwa woga kwenye mgahawa wa Kichina

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwamba aliingia mchana kwenye mgahawa wa Kichina wa mtaani kwao, akakutana na menyu ndefu isiyoisha, akaishia kuagiza wali wa kukaanga na soda. "Nimetoka nimeshiba, ila nimejiona mjinga," alisema. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Yangu yalikuwa mabaya zaidi.

Nilikuwa mgeni kazini, wenzangu wakanialika. Nikaagiza sahani yangu nikaikumbatia, kumbe pale vyakula huwekwa katikati; kila mtu ana bakuli lake la wali na anachota kidogo kidogo. Nilipochoka kuhangaika na vijiti, nikavichomeka wima kwenye wali. Mzee wa meza ya jirani akageuza uso. Mwenzangu mmoja akacheka mpaka akapaliwa, kisha akatangazia mgahawa mzima kwamba vijiti vikisimama hivyo vinafanana na udi unaochomewa wafu. Alisema kweli. Bado sijamsamehe.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Nilirudi peke yangu, na dawa niliyoipata ni moja: angalia meza ya jirani. Pale wanapokula Wachina wenyewe, tazama kilicholetwa, kisha muulize mhudumu kwa adabu. Hivyo ndivyo nilivyokutana na mapo doufu, chakula cha Chengdu, jimbo la Sichuan: tofu laini, ile ya maharage ya soya, na nyama ya kusaga ndani ya mchuzi mwekundu. Mama mwenye mgahawa aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikajibu kwa kiburi kwamba pilipili naijua. Sikuijua huajiao, kiungo cha Sichuan. Vile vipunje haviwashi kama pilipili, vinatia ganzi midomo na ulimi, na watu wa huko wanaiita ladha hiyo mala: ma ni ganzi, la ni ukali. Nilidhani mwili umekataa chakula. Nikayavamia maji, hayakusaidia kitu. Wali mweupe ndio ulioniokoa.

Kwa hiyo agiza wali mweupe. Mkienda watatu, chukueni nyama, mboga za majani na kitu chenye mchuzi, msiagize vya kukaanga vitatu. Kwenye migahawa ya Wakantoni, Wachina wa kusini, chai ikiisha funua kifuniko cha birika, utaongezewa bila kuita mtu. Na zile biskuti zenye kikaratasi cha bahati usizitafutie asili Uchina: zilipata umaarufu California, na mizizi yake ni Japani. Mengine yote, narudia, angalia meza ya jirani.

Ndugu zangu, tunataka tuonekane watu wa dunia, tunaota kusafiri mbali, lakini kuuliza "wale wanakula nini?" kunatushinda! Aibu ya nini? Mimi nimeaibika kwa niaba yenu nyote.

Wiki iliyopita yule mama hakunipa menyu kabisa. Aliniletea karatasi ya Kichina iliyoandikwa kwa mkono, akanisomea mwenyewe. Nikala biringanya za yuxiang, yaani "harufu ya samaki", ambazo hazina samaki hata mmoja. Nilipoinua macho, nikamwona dirishani yule mwenzangu aliyepaliwa kwa kicheko. Mbele yake kulikuwa na wali wa kukaanga na soda. Nilimsalimia, ndiyo, ila nilihakikisha kwanza ameziona biringanya.