Virusi vya bakteria wa jibini na joto la kiwandani
Je, joto la kiwandani huua virusi vyote vya bakteria wa jibini? Hapana, kupasha maziwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15 hakuviui vyote virusi vinavyoshambulia bakteria wa kuchachusha jibini, kwani baadhi ya virusi hivyo, viitwavyo bakteriofaji, huhimili joto hilo. Watafiti Whitehead na Cox walivieleza huko New Zealand mwaka 1935, na viwanda vingi sasa hutumia aina tofauti za bakteria kwa zamu, ili virusi vilivyozoea aina moja visiikute tena kesho yake. Mara nyingi virusi hurudi kupitia matone ya maji yaliyochujwa kwenye jibini, yanayoruka hewani na kuangukia tangi jipya, ambamo uchachu huishia njiani na maziwa hubaki mepesi. Mlaji hadhuriki, maana haviambukizi seli za binadamu.