Kazi ya Usiku Imenimaliza, Nifanyeje?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Soweto, Moshi, nina mke na mtoto. Naandika programu kwa kampuni ya California, nikiwa nyumbani. Vikao vinaanza saa mbili usiku, ujumbe unaingia hadi alfajiri. Mchana ndugu wananituma huku na kule kwa kuwa "nipo tu". Krismasi tulipanda Machame, nikashinda garini na laptopu mapajani. Kazi niliyoipenda sasa naichukia, nikiifungua tu moyo unakwenda mbio. Nikiacha tutakula nini?*

Marahaba mwanangu, pole sana. Hujawa mvivu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya iliyoanza kutumika 2022, linaitambua hali hii: mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi, ufanisi unashuka. Haikuitwa ugonjwa. Ilielezwa kuwa inatokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, kwa hiyo dawa nayo ianzie kazini.

Mwandikie bosi wako, kwa maandishi: "Nitapatikana hadi saa tano usiku. Baada ya hapo, dharura tupokezane zamu." Usiombe radhi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Pengine wewe ni mkandarasi, si mwajiriwa, na haikugusi, lakini itumie kama kipimo cha kujua umezidishiwa kiasi gani.

Ila kuna jambo limenisumbua zaidi. Umeeleza kampuni, ndugu, hata gari. Mkeo umemtaja mara moja tu, kwenye hesabu ya familia. Je, anajua moyo wako unakwenda mbio? Au anaona tu mgongo wako mbele ya kioo cha laptopu kila usiku? Mwambie leo, kabla ya bosi, maana kipato kikiyumba mtakaopanga matumizi ni ninyi wawili. Na ndugu waelezeni pamoja kwamba asubuhi ndiyo usiku wako: hadi saa saba mchana hutumwi popote.

Huo moyo kaupimishe hospitali, Mawenzi au KCMC, wiki hii, usisubiri likizo.

Bosi akikataa kabisa, usiache kesho. Weka akiba ya miezi michache huku ukitafuta wateja wa Uingereza: London iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu tu, na vikao vyao vinaisha kabla mtoto hajalala.