Ukiwasoma Waingereza wa karne ya 17 juu ya biashara, kaa na daftari

Mwaka wangu wa pili chuoni niliandika kwenye mtihani sentensi niliyokuwa nimeikariri: waandishi wa merkantilizimu (fikra za zamani za kuitajirisha nchi kwa biashara ya nje) waliamini utajiri wa nchi ni dhahabu na fedha, kwa hiyo walitaka madini hayo yasitoke nje. Nikapewa alama zote. Miaka kadhaa baadaye nikayasoma maandishi ya mmoja wao, mfanyabiashara wa London Thomas Mun, nikakuta mtu anayetetea kwa nguvu zake zote haki ya kupakia fedha merikebuni na kuipeleka Asia. Niliona uchungu, maana sentensi ile nilikuwa nimeshawafundisha wenzangu wawili waliokuwa nyuma yangu.

Basi haya nayaandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza, asipite nilikopita.

Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, jua mwandishi alikuwa anakula wapi. Mun alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya East India, kampuni ya Kiingereza ya biashara na Asia, tangu 1615. Kampuni hiyo ilipewa hati yake na Malkia Elizabeth tarehe 31 Desemba 1600, nayo hati iliiruhusu kutoa nje ya nchi fedha ya madini ya thamani ya pauni 30,000 kwa kila safari. Kulikuwa na sababu: watu wa Asia hawakuwa na haja kubwa na nguo nzito za sufu za Kiingereza, walitaka fedha. Miaka ya 1620 ilipoingia, soko la nguo hizo Ulaya likaanguka, sarafu zikaadimika, na vidole vikaielekea Kampuni. Mun alichapisha utetezi wake mwaka 1621 akiwa katikati ya kelele hizo. Ukilijua hilo, kila ukurasa unasomeka kama maelezo ya mtu aliyeshtakiwa.

Hapa kuna jambo la lugha linalotutega sisi hasa. Kwa Kiswahili fedha ni madini na fedha ni pesa. Nilipokuwa naandika muhtasari wangu nilizichanganya mara nyingi, hoja ikapotea. Siku hizi naandika "fedha ya madini" kila inapobidi, hata sentensi ikirefuka.

Halafu piga hesabu mwenyewe. Katika utetezi ule wa 1621 Mun anaweka jedwali la bidhaa za Asia, pilipili manga ikiwa ya kwanza: ratli 6,000,000 zikinunuliwa Aleppo, mji wa soko huko Syria, kwa shilingi 2 kila ratli zinagharimu pauni 600,000; zikinunuliwa kule zinakotoka kwa peni 2 na nusu, ni pauni 62,500. Kumbuka pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Mara ya kwanza nilinakili jedwali lile zima kwa furaha, nikaliweka kwenye insha kama ushahidi uliokamilika. Sikujiuliza safari inalipwa wapi. Bei ile ndogo haina ndani yake merikebu za kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, mishahara ya mabaharia, chakula chao, wala bima. Mun anajua hivyo. Jibu lake ni kwamba gharama hizo zinalipwa kwa Waingereza wenyewe, kwa hiyo nchi haijapoteza kitu.

Jibu hilo ndilo linalonirudisha kwake kila mwaka. Katika kitabu chake kikubwa, England's Treasure by Forraign Trade, anatenganisha mifuko mitatu: wa taifa, wa mfanyabiashara na wa mfalme. Taifa linaweza kufaidika huku mfanyabiashara akifilisika. Mfanyabiashara anaweza kuneemeka huku taifa likipoteza. Mfalme yeye hupata siku zote, kwa sababu ushuru unalipwa vyovyote iwavyo. Nilipoanza kuchora safu tatu kwenye daftari na kuuliza kila tarakimu inaingia mfuko gani, nusu ya mabishano ya wakati ule ilinifungukia. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawa watu walikuwa wanajaribu kulifungua daftari la nchi nzima.

Kitabu hicho kikubwa kina mtego wa tarehe. Kilichapishwa 1664 na mwanawe, John, ilhali Mun alikufa 1641 na sehemu kubwa aliiandika miaka ya 1620. Mimi niliwahi kueleza kwamba alikuwa anaujibu ushindani na Waholanzi wa miaka ya 1660. Nilikuwa nimemjibisha marehemu. Mwanawe ndiye aliyeona wakati umefika: mwaka mmoja nyuma, 1663, sheria ilikuwa imeruhusu kusafirisha sarafu za kigeni na fedha ghafi.

Usimsome Mun peke yake. Weka pembeni Gerard de Malynes na Edward Misselden, wafanyabiashara na waandishi wa wakati wake, waliogombana hadharani mwaka 1622 na 1623. Malynes aliwalaumu wabadilisha fedha, kwamba wanaishusha thamani sarafu ya Uingereza. Misselden alijibu kwamba bei ya kubadilisha fedha inafuata mwendo wa bidhaa, akatoa na hesabu: kutoka Krismasi 1621 hadi Krismasi 1622 nchi iliuza nje bidhaa za takriban pauni 2,320,436 na kuingiza za pauni 2,619,315. Toa mwenyewe uone pengo. Lakini angalia pia kwamba mwaka 1622 Misselden huyo huyo alikuwa akilalamikia fedha ya madini inayotolewa nje na Kampuni ya East India, na 1623 akaitetea, wakati alipokuwa akipewa kazi na Kampuni ya kuiwakilisha kwa Waholanzi. Hesabu zake si za kutupa kwa sababu hiyo. Ziandike, na kando yake andika hilo nalo.

Wengi wanamjua Mun kupitia mwanauchumi Adam Smith, aliyemnukuu mwaka 1776 pale Mun anapomfananisha mpeleka fedha nje na mkulima: ukimwona akitupa nafaka nzuri ardhini utamwita kichaa, mpaka uje wakati wa mavuno. Ni picha nzuri, ila nakushauri usianzie hapo. Anzia sura ya kwanza ya kile kitabu kikubwa, ambapo anamwandikia mwanawe mambo ambayo mfanyabiashara lazima ayajue: mwandiko mzuri, hesabu, vipimo na mizani ya kila nchi, viwango vya ushuru, bei za kubadilisha fedha, lugha za wageni. Ni kurasa chache, zinaisha kwa jioni moja.