Muulize Fundi: Injini ikipanda, redio inalia

SWALI: Mama fundi, shikamoo. Huu ni mwaka wa nne naunda ndege ya viti viwili, ya faibaglasi, kwenye banda nyuma ya nyumba yangu hapa Rongai. Injini ni Rotax 912, dashibodi ni bati la alumini. Wiki jana tuliiwasha, mkia umefungwa kwenye nguzo. Kwenye hedseti nasikia mlio kama wa mbu, na nikiongeza moto, mbu naye anapanda. Isitoshe, nikibonyeza kitufe cha kuongea, mshale wa mafuta unaruka kutoka nusu hadi sufuri. Rafiki ameniambia ninunue filta ya kuchuja mlio. Ninunue ipi? Na waya wa gari wa maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road unafaa? – Msomaji, Rongai

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa ya filta ikae mfukoni kwanza. Una wagonjwa wawili, nawe unawatafutia dawa moja.

Tuanze na mbu. Mlio unaopanda na kushuka na injini huwa unatoka kwenye kuchaji. Jenereta ya injini yako hutoa umeme wa kwenda na kurudi, regyuleta inaugeuza uwe wa betri, lakini hautoki umenyooka kabisa. Unabaki na mawimbi. Hayo mawimbi yakipata njia ya kuingia kwenye sauti, utayasikia. Na njia yanayoipenda ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme upande wa hasi.

Nadhani nawe ulifunga ethi kama fundi wa gari: kila kifaa kwenye boliti iliyo karibu. Gari lina bodi ya chuma, linasamehe. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo bila shaka uliunga waya mmoja ukapita taa, ukapita pampu, ukaishia kwenye jeki za hedseti, matundu ya kuichomekea. Piga hesabu: kipande cha waya chenye omu 0.01 kikibeba ampea 15, ncha zake zinaachana kwa volti 0.15. Kwa taa si kitu. Lakini sauti ya maikrofoni yenyewe ni sehemu tu ya volti moja, basi hapo mbu anakuwa ndovu.

Mwaka wangu wa pili katika hanga moja pale uwanja wa ndege wa Wilson, mlio wa namna hii ulinisumbua siku tatu. Nilibadilisha redio, nikabadilisha hedseti, na filta nikaweka. Mzee aliyekuwa akinifunza akaja na kikombe chake cha chai, akalegeza nati moja nyuma ya dashibodi. Chini yake kulikuwa na terminali saba, vile vichwa vya waya, zimepangwa kama chapati, na bati lililozibeba lilikuwa bado na rangi. Akalikwangua kwa kisu cha mfukoni, akakaza. Kimya. Hakuniambia neno, akaenda kumalizia chai yake.

Wewe fanya hivi. Azima betri ya volti 12 ya ua wa umeme, ile ndogo ya ampea-saa 7. Injini ikiwa imezimwa, toa redio kwenye mfumo wa ndege, chanya na hasi zote mbili (watu husahau hasi, halafu jaribio halina maana), uiunge kwenye betri hiyo peke yake. Washa tena injini, mtu akiwa kwenye usukani, magurudumu yamezuiwa, na asikaribie mtu pale mbele penye rafadha. Mlio ukipotea, ulikuwa unapitia kwenye waya wa umeme au ethi. Ukibaki, chunguza waya za hedseti zilizolazwa sambamba na waya wa kuchaji, na jeki zenyewe. Kwenye dashibodi ya bati lazima jeki zikae juu ya washa (pete) za plastiki zisiguse chuma, na ethi yao irudi kwenye redio, si mahali pengine. Vifaa vingine vyote, kila kimoja na waya wake wa ethi, vikutane sehemu moja, na hapo pashikwe na waya mnene hadi betri na injini.

Mshale unaoruka ni habari nyingine kabisa. Hayo ni mawimbi ya redio yako yanayorudi ndani. Antena ya wima inahitaji chuma chini yake, na wewe huna. Bandika chini yake vipande vinne vya utepe wa shaba, vielekee pande nne, kila kimoja sentimita 59 hivi, vishikane na wavu wa chuma unaozunguka waya wa antena. Urefu huo si wa kubuni: 300 gawanya kwa megahezi 127, kisha gawanya kwa 4. Kabla ya kubandika, toa antena uweke kizuizi cha omu 50 mahali pake, kile cha kupimia redio, ubonyeze kitufe. Mshale ukitulia, kosa liko kwenye antena. Ukiruka bado, fungua kiungo cha nyuma ya redio uangalie kama wavu huo umebanwa au umeshikwa na nywele mbili tu. Usibonyeze redio ikiwa haina antena wala kizuizi, utaiunguza. Na masafa ya 121.5 usiyaguse kwa majaribio. Hayo ni ya walio taabuni.

Kuhusu Kirinyaga Road: fyuzi za kuchomeka nunua, hata mimi nazitumia. Waya, hapana. Ganda lake ni PVC, likiungua linatoa moshi wa tindikali, nawe huko juu huna dirisha la kuteremsha upumue. Tafuta waya wa ndege wenye ganda la plastiki ya Tefzel, unaovumilia joto la nyuzi 150. Terminali zibanwe kwa koleo lake, usilehemu: lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mtikisiko wa injini unazikata pale pale ulaini unapoanza. Ukishabana, vuta kwa nguvu. Ikichomoka mkononi, shukuru.

Niandikie matokeo ya betri ya ua.