Barua za Wasomaji: Kuishi na Pete ya Tumbo Huku Kaskazini

Toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji aliyeuliza kama kuna mtu mwingine, Moshi au Arusha, anayeishi na pete ya tumbo ya kupunguza uzito, na barua zilizofuata zimenishangaza kwa wingi na kwa urefu. Nimechagua nne. Wengi wenu mmeiita "mkanda wa tumbo", jina ambalo silipendi kwa kuwa ukiulizia mkanda wa tumbo Soko la Mbuyuni au Kilombero utauziwa kile kitambaa anachojifunga mama aliyejifungua. Tunachozungumzia hapa ni pete ya silikoni ambayo daktari huizungushia sehemu ya juu ya mfuko wa chakula kwa upasuaji wa matundu madogo, ikaacha juu yake kifuko kidogo kinachojaa mapema. Pete hiyo imeunganishwa kwa mrija mwembamba na kitufe kilichofichwa chini ya ngozi, na kwa kuchoma sindano kwenye kitufe hicho daktari huongeza au hupunguza maji yanayoibana. Wala si lile puto linalowekwa Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ambalo hukaa ndani ya mfuko wa chakula kwa miezi kadhaa kisha likatolewa.

Najibu kama muuguzi mstaafu, na pia kama mtu aliyekaa na pete yake mwenyewe kwa miaka tisa.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 38, naishi Pasua, Moshi. Miezi mitano iliyopita niliwekewa pete nchini India na anayejua ni mume wangu peke yake. Nimepungua kilo 17. Shida yangu ya kwanza ni kwamba chakula hunikwama. Kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani nilikula vipande viwili vya nyama ya mbuzi, kifua kikabana, mate yakanijaa mdomoni, nikajifungia chooni karibu saa nzima. Shida ya pili ni maneno ya watu, kwamba nimekonda kwa sababu ninaumwa ule ugonjwa. Na Desemba tunapanda Kibosho kwa mama mkwe, ambaye huwa anaangalia kila mtu amekula kiasi gani. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu, na pole. Ulichopata kwenye kipaimara hakuna mwenye pete asiyekijua. Kipande kikubwa kuliko mlango wa pete hukaa juu ya mlango huo, mdomo na umio, yaani mrija unaoshusha chakula, hutoa mate na ute mwingi mzito kama povu ili kukisukuma, na mwisho wake ama kinapita ama unacheua. Kosa ambalo karibu sote tumelifanya ni kunywa maji ili kukisukuma. Maji hayo hayana pa kupita, yanakaa juu ya nyama na maumivu yanazidi. Likikukuta tena, acha kula papo hapo, simama, tembea taratibu na usubiri. Likishapita, siku hiyo shinda na vitu vya majimaji, kwa maana sehemu iliyokwaruzwa huvimba na ukila ugali jioni utakwama mara ya pili kwa kitu ambacho jana kilikuwa kinapita.

Nyama ya mbuzi ya kuchoma ni adui wa wazi, ila wapo maadui wanaojificha. Mkate mweupe laini na chapati hugeuka donge mdomoni. Ugali hufanya vivyo hivyo. Maganda ya mahindi ya makande hayasagiki hata ukitafuna hadi taya ziume. Perege wa Nyumba ya Mungu aliyechemshwa, mayai, maharage yaliyopondwa na mtindi hupita bila ugomvi, na ni vyakula vya kujenga mwili, ambavyo unapaswa kuvianza kabla ya wanga kwa sababu nafasi uliyo nayo ni ndogo. Mtori ni rafiki yako mradi nyama yake ipondwe kweli na mafuta yasielee juu. Mimi nilikula kwa kijiko cha chai kutoka kwenye kisosa, kila tonge likiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, nikilitafuna zaidi ya mara 20 na kuweka kijiko chini kabla ya kuchota tena. Kijiko kikibaki mkononi hujazwa chenyewe. Maji nilikunywa nusu saa baada ya kula, kisha kwa mafunda madogo mchana kutwa, na kwa joto la Moshi la Februari hilo si jambo la kusahau.

Kuhusu mama mkwe, nakushauri usisubiri hadi sahani iwe mbele yako. Mpigie simu wiki mbili kabla ya kupanda, umwambie kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo na daktari amekupangia kula kidogo kidogo na polepole, na umwombe akusaidie kwa mtori. Hilo ni kweli tupu, halihitaji neno "pete" kama hujawa tayari kulitamka, na mkwe aliyeombwa msaada huwa mlinzi wako mbele ya mawifi. Nyama ya mgao wako usiikatae, maana kwetu mgao ni heshima na anayeukataa amekataa watu. Sema, "Nifungieni niende nayo," nawe ukifika Pasua uichemshe kwa muda wa saa tatu.

Maneno ya ugonjwa yanauma, na sitakudanganya kwamba yatakwisha upesi, kwa kuwa tumezoea kumsifu mtu kwa kunenepa na kumhurumia anapopungua. Huna deni la maelezo kwa jirani. Lakini siri yako imebana kupita kiasi: mbali na mume wako, mtu mzima mmoja zaidi aishiye karibu nawe ajue una pete na ajue barua ya daktari wako wa India iko kwenye droo gani. Siku utakayoshindwa kupitisha hata maji au mate yako kwa saa kadhaa, au utakayopata maumivu makali ya tumbo au homa, au kutapika kusikokoma, hiyo si ya kujifungia chooni. Mfuko wa chakula unaweza kuteleza kupitia pete, damu ikakatika, na hapo panahitajika hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, akiisoma barua ile ajue ni pete ya aina gani na ina maji kiasi gani. Kwa aliye Moshi, KCMC si mbali.

*Mimi ni mfanyabiashara wa Sakina, Arusha, nina miaka 46. Pete yangu ina mwaka na nusu. Uzito umegoma kushuka kwa miezi miwili. Rafiki tuliyekutana kliniki ana mililita 7 kwenye pete yake naye anaendelea kupungua, wakati mimi nina 3.5 tu. Ananishauri nikadai niongezewe. Nyama siiwezi kabisa siku hizi, natumia zaidi uji, aiskrimu na bia mbili jioni. Pia kuna kikohozi cha usiku kinachonisumbua, labda ni vumbi la barabara yetu. Je, nimfuate rafiki yangu?*

Hapana, ndugu yangu, usimfuate, na barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge kurasa hizi. Mililita za mtu haziwezi kulinganishwa na za mwenzake. Zipo pete ambazo zikijaa kabisa huchukua mililita 4, na zipo zinazochukua 10 au 14. Ikiwa yako ni ya 4, basi 3.5 ni karibu na ukingo, ilhali 7 za rafiki yako ndani ya pete ya 14 ni nusu tu. Ninyi wawili mmekuwa mkilinganisha debe na kikombe.

Sasa kikohozi. Vumbi la Sakina nalijua, lakini kikohozi kinachomjia mtu mwenye pete akishalala, hasa kikiambatana na ladha chungu kooni au mto ulioloa asubuhi, mara nyingi ni chakula na asidi vinavyorudi juu kwa sababu pete imebana mno. Unganisha hilo na nyama usiyoiweza na uji ulioukimbilia, uone picha iliyokamilika. Pete iliyobana kupita kiasi haimfanyi mtu apungue. Humfukuza kwenye nyama, samaki na mboga, ikampeleka kwenye vitu laini vitamu vinavyoteremka vyenyewe, na hivyo ndivyo vyenye sukari na mafuta. Bia, mbege, soda na aiskrimu hupita kwenye pete kana kwamba haipo. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari na haitakushibisha hata kwa dakika 10. Kwa hiyo huenda unachohitaji ni kupunguziwa maji, wala usistaajabu ukianza kupungua uzito baada ya pete kulegezwa. Mimi yalinikuta mwaka wa tatu: nilidai kuongezewa kwa sababu mwenzangu kaongezewa, nikakohoa miezi minne, na picha ya eksirei ya kumeza dawa ilipopigwa umio ulikuwa umeanza kutanuka. Walitoa maji yote nikapumzika wiki kadhaa ndipo tukaanza upya.

Nenda kwa daktari wiki hii, mweleze kikohozi kwanza na uzito baadaye. Na usikubali kitufe chako kichomwe na mtu asiyekuwa na sindano yake maalumu, kwani sindano ya kawaida huweza kukitoboa kikaanza kuvuja. Mwaka na nusu si kuchelewa: pete hupunguza taratibu, kwa kawaida nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki mwanzoni na chini ya hapo baadaye. Hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari wengi duniani kuiacha na kuhamia kwenye upasuaji wa kukata sehemu ya mfuko wa chakula, na ndiyo maana wenzenu wa pete ni wachache na inabidi mtafutane kwa barua.

*Niko Usa River. Magoti yananiuma na duka la dawa wamenipa diklofenaki. Kuna ubaya kwa mwenye pete?*

Upo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua ukuta wa mfuko wa chakula, na ukuta unaogusana na pete usiongezewe sababu ya kuchubuka, kwani pete inaweza kuula ukuta huo na kuingia ndani. Rudisha, uulize kama parasetamoli inakufaa, na kila unaponunua dawa taja pete kabla ya kutaja maumivu. Kama unatumia dawa za kisukari au za presha, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa kwa mwili uliopungua, hivyo zipimwe upya.

*Sisi ni watano hapa Arusha, tumejuana polepole na tunataka kukutana nyumbani kwangu Njiro kila mwezi. Mimi ni mwalimu, napenda mambo yawe na utaratibu. Tuzungumze nini, na tukwepe nini? Tayari kuna mtu wa nje anaomba kuja kutuuzia chai ya kupunguza uzito. Na mmoja wetu ana ujauzito wa wiki kumi, pete yake haijatimiza mwaka, anaogopa hata kwenda kliniki kwa kuwa aliambiwa asubiri.*

Mwalimu, hongereni. Nianze na mwenzenu mjamzito, ambaye hawezi kungoja kikao. Ni kweli kwamba wanawake hushauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ni kweli pia kwamba mwili ukipungua uzazi hufunguka, hata kwa aliyekata tamaa ya kupata mtoto. Hajafanya kosa la kumfungia mlango wa kliniki. Aende sasa, ataje pete, na kama anatapika sana pete italegezwa ili yeye na mtoto wapate chakula. Kutapika kwa wiki nyingi humaliza vitamini mwilini, hasa B1, na upungufu wake hudhuru neva na ubongo. Mmoja wenu amsindikize.

Muuza chai asiingie, hata kama ni shemeji wa mtu. Mizani pia isiingie: nimekaa kwenye kikundi kilichopimana uzito hadharani, na katika miezi mitatu waliobaki ni wale tu waliokuwa wakipungua, yaani wasiokihitaji kikundi. Zungumzeni yale ambayo daktari hana muda nayo: namna ya kukaa kwenye meza ya harusi ya ukumbini na sahani iliyojaa, la kumjibu mume anayesema umepoteza umbo, nguo zilizopwaya, hasira ya kutoweza kula ulichokipenda, na ile njaa ya jioni ambayo haitoki tumboni. Leteni chakula kimoja kimoja mkakijaribu pamoja, kwa sababu kukwamwa mbele ya mtu anayelijua povu lile hakuaibishi. Ila mtu akisema anatapika kila siku, asijibiwe kwa "hata mimi nilitapika ikaisha". Jibu lenu liwe ni nani ana gari.

Kwa kikao cha kwanza, kila mmoja aje na barua ya upasuaji wake na mtoe nakala mbili, moja ya pochi na moja ya nyumbani. Asiyekuwa nayo aiandikie hospitali iliyomfanyia. Mkinialika nitakuja, mradi mnipe kisosa na kijiko cha chai.