Mashahidi wa nje ya Biblia

Je, kuna mtu wa kale asiye Mkristo aliyemtaja Yesu?

Yupo Tacitus, mwanahistoria wa Roma. Yapata mwaka 116 aliandika jinsi Kaisari Nero alivyowasingizia Wakristo moto ulioteketeza Roma mwaka 64, akaeleza kuwa jina lao linatokana na Kristo, aliyeuawa na Pontio Pilato enzi za Kaisari Tiberio. Tacitus aliwadharau Wakristo waziwazi, na ndiyo maana ushahidi wake una uzito: hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Nasikia maneno ya Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, kuhusu Yesu yalichomekwa na Wakristo. Kweli?

Baadhi yake, ndiyo. Katika kitabu cha 18 cha historia ya Wayahudi aliyoimaliza mwaka 93 au 94, Josephus anasomeka akikiri kwamba Yesu ndiye Kristo. Myahudi asiyemwamini hawezi kusema hivyo, na Origenes, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, anatuhakikishia kuwa Josephus hakumwamini. Wataalamu wengi huona kwamba kiini cha aya ni chake, ila wanakili waliiongezea. Kwenye mjadala, tumia kitabu cha 20: humo Yakobo, ndugu yake Yesu "aitwaye Kristo", anapigwa mawe. Hapo wanaotilia shaka ni wachache.

Wakristo wa mwanzo walisali vipi?

Hili nalipenda mno. Mwaka 112 hivi Plinius Mdogo, liwali wa Bithynia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traianus kumwomba mwongozo wa jinsi ya kuwashughulikia Wakristo. Watu waliokwisha kuikana imani walimweleza kuwa walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kwa kupokezana kama mungu, na kula kiapo cha kutoiba, kutozini wala kuvunja ahadi. Baadaye walikutana tena kula chakula cha kawaida. Plinius hakuridhika. Akawatesa watumwa wawili wanawake waliokuwa wahudumu wa kanisa, asipate kitu ila alichokiita ushirikina. Majina yao hakuyaandika, nami huumia kila nikifika hapo. Kaisari alijibu: wasisakwe, na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe, ila atakayethibitika na asikane, aadhibiwe.

Kuna barua za Pilato kuhusu Yesu. Ni za kweli?

Hapana, zilitungwa baadaye sana. Kilicho cha kweli ni jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961, lenye jina la Pilato na cheo chake cha uliwali wa Uyahudi. Limehifadhiwa katika Makumbusho ya Israeli, Yerusalemu.